Shangazi, tunataka kukutana bila mgeni rasmi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 31, fundi simu hapa Tanga mjini. Nina usonji, yaani autism, hali ya kuzaliwa nayo inayonifanya nipokee sauti, maneno na watu tofauti na wengi. Daktari aliniambia nikiwa na miaka 26, na usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu, kwa sababu mambo mengi ya shuleni na nyumbani yalikuwa yamepata jina. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa kuwa kwenye simu maneno hunipotea.

Mwaka jana nilianza kufahamiana na wenzangu wenye usonji, mmoja baada ya mwingine, kwa kuandikiana. Sasa tuko saba, wote watu wazima. Watano ni wa hapa mjini, mmoja yuko Muheza na mmoja Pangani. Tukaingiwa na hamu ya kuonana. Nikamwambia dada yangu, ambaye ndiye aliyenilea na ninamheshimu kama mama. Alifurahi mno, akaichukua shughuli nzima yeye. Tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, tukakutana ukumbini.

Shangazi, ile haikuwa siku yetu. Kulikuwa na meza kuu, mgeni rasmi na MC. Mvua ilikuwa inapiga bati, basi spika zikaongezwa sauti zishindane na mvua. Tulitakiwa kusimama mmoja mmoja, tutaje majina na kuwasalimia wageni, na kila aliyemaliza MC aliomba apigiwe makofi kilo tatu. Mpiga picha alitumulika usoni muda wote. Wazazi wawili walipewa kipaza sauti wakaeleza walivyoteseka na watoto wao. Watoto hao, mmoja ana miaka 24 na mwingine 28, walikuwa wameketi palepale wanasikia. Dada mmoja kati yetu alijificha chini ya meza ya keki, watu wakamvuta mkono aje kwenye picha ya pamoja. Mimi nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nyuma, nikalowa hadi magari yalipoanza kuondoka. Sisi saba hatukusemezana hata neno moja siku ile.

Sasa tunataka kukutana tena, na safari hii tupange wenyewe. Dada anasema, "Mtaweza wapi peke yenu?" Mfanyabiashara mmoja yuko tayari kutoa laki tano, ila anataka bango, fulana na picha. Mwenzetu mmoja hasemi kwa mdomo, huandika kwenye simu, na mama yake amesema mwanawe haendi popote bila yeye. Halafu kuna jambo la sisi kwa sisi: mmoja wetu akifurahi huvuma kwa sauti na kurudiarudia matangazo ya stendi, na mwingine huumizwa na sauti yoyote ya ghafla. Hatutaki kumwacha yeyote.

Na mimi nina hofu yangu, sijamwambia mtu. Tukikutana halafu tukakaa kimya saa mbili, huo utakuwa mkutano gani? Watu wakipita si watatucheka?

Fundi Simu, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilijiona mimi mwenyewe nimeshika kile kipaza sauti. Mwanangu wa pili ana usonji, sasa ana miaka 34. Alipokuwa na miaka 13 nilisimama kwenye semina ya wazazi nikaeleza jinsi nilivyokuwa silali usiku kwa ajili yake. Watu walilia. Yeye alikuwa kiti cha pili kutoka mbele. Ilipita miaka mingi ndipo aliponiandikia ujumbe, mimi niko jikoni na yeye chumbani: "Siku ile ndiyo nilijua kuwa mimi ni msiba." Ujumbe ule sijaufuta. Kwa hiyo nikikujibu kuhusu wazazi, uelewe kuwa nazungumza kama mmoja wao.

Nikuambie kwanza kwamba mnachotaka kufanya kimeshafanywa, tena na watu wachache kuliko ninyi. Mwaka 1992 huko Marekani, watu watatu wenye usonji, Jim Sinclair, Kathy Lissner Grant na Donna Williams, walianzisha mtandao wao wenyewe. Kabla ya hapo, mtu mwenye usonji aliyetaka kuwaona wenzake alilazimika kuhudhuria makongamano ya wazazi na wataalamu, akae ukumbini asikilize akielezwa kama ugonjwa. Mwaka uliofuata Sinclair aliwaambia wazazi katika kongamano la Toronto jambo ambalo mimi lingenisaidia sana kama ningelisikia mapema: mtoto mliyemngoja akilini hakuja, na kumlilia huyo mna haki, lakini msimlilie huyu aliyekuja, kwa maana yuko hai na anawahitaji. Mwaka 1996 mtandao huo ukaandaa mkusanyiko wake wa kwanza wa siku kadhaa, kambini katika jimbo la New York, wakauita Autreat. Uliandaliwa na wenye usonji kwa ajili ya wenye usonji. Wazazi na wengine walikaribishwa, lakini walikuja kama wageni. Mwaka 2005 Waingereza nao wakaanzisha wao, Autscape, kwa mfano uleule. Kwa hiyo dada akiuliza mtaweza wapi, unalo la kumjibu.

Msingi wa Autreat ulikuwa kwamba mtu apewe nafasi, asipewe shinikizo. Kila kitu kipo kwa anayekitaka, na asiyekitaka haulizwi sababu. Jambo hili kwetu pwani ni gumu, na ugumu wenyewe unatokana na wema. Sisi ukarimu wetu ni wa kusukuma. Mgeni akisema ameshiba tunamwongezea. Akikaa pembeni tunamfuata: mbona uko peke yako, mbona huli, umekasirika? Tunamfukizia udi, tunampaka marashi, tunamshika mkono hatuuachii. Mwanangu aliwahi kuondoka harusini kwa binamu yake kwa sababu watu sita, nawahesabu, walimuuliza mbona hali pilau. Hakuna aliyemkosea adabu hata mmoja, wote walimpenda. Tulimkuta ndani ya gari, vioo vimepandishwa juu kwenye joto la Februari, akisema hapo ndipo anapopumua.

Basi ninyi saba kubalianeni kabla ya yote kuwa kwenu ukarimu ni kumwacha mtu. Asiyetaka mkono apunge tu, na shikamoo ya kupunga ipokelewe kama shikamoo. Anayekuja na chakula chake kwenye kontena ale chake. Vyakula viwekwe mbalimbali, wali peke yake, samaki peke yake, mchuzi peke yake, kila mmoja achukue anachokijua. Udi usifukizwe, marashi yabaki nyumbani, na mliandike hilo kwenye mwaliko ili mtu asije akaambiwa mlangoni akaaibika.

Kutoka kwenye mikusanyiko ile ya Marekani imeenea pia desturi ya beji za rangi, nayo naipenda kuliko yote. Beji nyekundu inasema: nisisemeshwe na mtu, labda mimi nianze. Njano: wanisemeshe ninaowafahamu tu. Kijani: nataka kuzungumza, tafadhali nianze wewe. Watu wengi huona faida ya nyekundu haraka, lakini mwanangu alinionyesha faida ya kijani. Yuko mtu anayetamani mazungumzo siku nzima na hajui mlango wa kuyaingilia, kwa hiyo kila mtu humdhania mpenda upweke. Kijani humfungulia. Kateni vipande vya kitambaa, mshone au mbane kwa pini, na mwandike neno juu ya kila rangi kwa sababu wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kila mtu awe na zote tatu mfukoni, abadilishe anapotaka. Na badala ya makofi, inueni mikono mpepese vidole, kama viziwi wafanyavyo.

Sasa hofu yako ya ukimya. Wewe ni mtoto wa Tanga, umewahi kuwaona kina mama wakisuka ukili barazani. Kila mmoja ana miyaa yake mapajani, ukili unateremka miguuni, na saa nzima inaweza kupita pasisemwe neno ila "nipe hiyo". Nani amewahi kupita pale akauliza huu ni mkutano gani? Wavuvi nao hukaa hivyo wakitengeneza nyavu. Kukaa pamoja kila mtu na lake ni desturi ya pwani yenyewe, na mnayo haki ya kuitumia. Njoo na zile simu mbovu na bisibisi zako ndogo. Anayechora achore, anayepanga vizibo vya chupa kwa rangi avipange, anayejua nyakati za mabasi yote ya Tanga hadi Lushoto aje na daftari lake. Anayetaka kujitikisa ajitikise. Mtu akivutiwa na kazi ya mwenzake atasogea mwenyewe. Kama saa mbili zikipita kimya na kila mmoja akatoka mwili wake umelegea, hujapata hasara yoyote. Uliniandikia kwamba siku ya Aprili hamkusemezana hata neno moja. Hilo halikuwa na ubaya. Kibaya ni kwamba hakuna aliyewaacha mkae pamoja.

Kuhusu mwenzenu anayevuma na mwenzenu anayeumizwa na sauti, usitafute nani ana haki zaidi. Wote wawili wanayo. Huyu akinyamazishwa anakatazwa kufurahi, na yule akivumilia anaumia kwelikweli, si kwamba anadeka. Mambo haya hutatuliwa kwa nafasi na kwa muda. Tafuteni mahali penye sehemu mbili: nje, uwanjani au chini ya mti, kuwe na ruhusa ya sauti, na ndani kuwe na chumba cha ukimya ambamo hata simu haiongei. Chumba hicho kiwe na mkeka na pazia, na sharti moja, kwamba aliyeingia hafuatwi kuulizwa vipi. Nunueni pia vizibo vya masikio vya akiba. Na waulizeni hao wawili wenyewe mapema, kwa maandishi, kila mmoja peke yake, kitu gani kitamfaa. Huenda wakawa na jawabu zuri kuliko langu.

Mahali penyewe pasiwe ukumbi. Nyumba ya mtu yenye ua ingewafaa, au upande wa Raskazone ambako pana miti, bahari na magari machache. Nendeni wawili mkapakague siku kama ile, saa kama ile. Sikilizeni: feni inalia? Taa ya mrija inapepesa? Jirani ana jenereta au mashine ya kuchomelea? Adhana inasikika karibu? Adhana haina tatizo, kwa kuwa wakati wake unajulikana na unaweza kuandikwa kwenye ratiba, mtu akaweka vizibo mapema. Kinachomwangusha mtu ni sauti asiyoitarajia. Na kimbieni masika. Aprili Tanga ni mwezi wa mvua juu ya bati, kama mlivyoona. Iko tarehe nyingine: Juni 18, Siku ya Fahari ya Usonji, ambayo wenye usonji wenyewe waliianzisha mwaka 2005. Masika huwa yamepungua. Jumamosi ya karibu na tarehe hiyo, saa tatu asubuhi hadi saa tano kabla jua halijawa kali, ingewafaa.

Mwaliko uandikwe wiki mbili kabla, uwe mrefu bila aibu. Sisi hutuma ujumbe wa "karibuni nyote, msikose", na mwenye usonji akausoma akabaki na maswali arobaini. Wekeni picha ya geti, picha ya choo, picha ya mahali pa kukaa. Andikeni bajaji kutoka stendi ni kiasi gani, nani atakuwa getini na atavaa nguo ya rangi gani, saa ngapi kutafanyika nini, chakula ni kipi na kimepikwa na nani. Andikeni pia yasiyokuwepo: hakuna kujitambulisha, hakuna spika, hakuna picha, hakuna mgeni rasmi. Semeni wazi kuwa mtu anaweza kuchelewa, kuondoka mapema bila kuaga, au kufika getini na kugeuza, na bado atahesabiwa kuwa mwenzenu. Saa ya kumaliza ikifika, malizeni, hata kama raha imekolea, kwa sababu wapo walioipima nguvu yao hadi dakika ile.

Dada yako ana kipaji cha kupanga na anakupenda, usimtupe. Mpe kazi za kweli: getini, kupokea simu za wanaopotea njia, kuagiza maji, kuzungumza na majirani. Lakini uamuzi uwe wenu. Muandikie, kwa kuwa kuandika ndiko kunakokutoka vizuri. Mwambie: "Dada, shughuli ya Aprili uliifanya kwa upendo na nashukuru. Ilituumiza, na nitakueleza wapi. Safari hii sisi saba ndio wenye shughuli, na tunakuomba utusaidie kazi hizi." Muorodheshee. Akiumia mwache aumie siku mbili tatu, atarudi. Ukitaka kumwonyesha kuwa si ukaidi wako, mwambie Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na ndani yake imo haki ya watu hao kuunda vyama vyao wenyewe na kujiunga navyo. Sisi wazazi na ndugu tuna mahali petu, lakini si mwenyekiti.

Mama wa mwenzenu yeye ni suala jingine kidogo. Usimwone mkorofi. Mtu aliyezoea kuwa sauti ya mwanawe kwa miaka ishirini na kitu hawezi kuamini mara moja kuwa yuko mwingine atakayengoja jibu. Muulizeni kwanza mwanawe, kwa simu yake: anataka mama awe karibu, awe getini, au abaki nyumbani? Akimtaka, aje. Wazazi wawekewe kivuli chao na chai yao mbali kidogo, wazungumze yao huko, na wasiwazungumzie watoto mbele yao. Mwenzenu akiulizwa kitu, macho yote yasielekee kwa mama. Ngojeni aandike. Kama inachukua dakika mbili, ngojeni dakika mbili, wala asimaliziwe sentensi. Mama akiona mara tatu nne kwamba watu wanangoja kweli, ataanza mwenyewe kunywa chai yake. Mimi ndivyo nilivyojifunza, kwa kuangalia wengine wakimngoja mwanangu bila mimi.

Laki tano za mfanyabiashara, kataeni kwa heshima. Anachonunua ni picha zenu, na picha zenu ndizo zilizomfukuza mwenzenu chini ya meza. Watu saba, mkeka, maji, mihogo ya kuchemsha na maembe hamhitaji laki tano. Changeni kidogo kidogo, na asiyenacho asidaiwe.

Halafu wewe. Naona kwenye barua kila kitu kinapitia kwako, nawe siku ile ulikaa mvuani peke yako. Usiibebe yote. Mmoja aandike mwaliko, mmoja akague mahali, mmoja awe na karatasi ya kila mtu iliyoandikwa akizidiwa afanyiwe nini: huyu asiguswe, huyu apewe maji, huyu aitiwe kaka yake. Siku yenyewe uwe na beji nyekundu mfukoni kama wengine, na mtu wa kushika nafasi yako ukiivaa. Siku mbili baada ya hapo usifungue kibanda kama unaweza. Mwanangu baada ya siku nzuri huhitaji kupumzika sawasawa na baada ya siku mbaya, na jambo hili lilinichukua muda mrefu kulielewa, nilikuwa nadhani amechukia.

Mwaliko ukishaandikwa, yule dada aliyejificha chini ya meza ya keki apelekewe kabla ya wengine wote. Muulizeni kama angependa pawe na meza, na kitambaa chake kishuke hadi chini upande gani.